Toronto isiyo Toronto: maswali yenu kuhusu miji ya Kanada

Safu ya wiki hii naitoa kwa Kanada. Maswali yake yamelundikana, na karibu yote yana kiini kimoja: ndugu yuko mji ambao huku nyumbani hakuna aliyewahi kuusikia.

Binti yangu huniambia yuko Toronto, lakini kifurushi alichonitumia kimeandikwa Mississauga. Kuna kitu ananificha? (Mama, Moshi)

Hakuna, mama. Amekurahisishia tu, kama mtu wa Kibaha anavyosema anakaa Dar. Mississauga imepakana na Toronto upande wa magharibi, lakini ina meya wake na bajeti yake. Na si kimji kidogo: sensa ya 2021 ilihesabu watu karibu 718,000, ikawa ya saba kwa ukubwa Kanada nzima, mbele ya Vancouver yenyewe. Hata kiwanja cha ndege cha Pearson, ambacho wasafiri wote hukiita cha Toronto, karibu chote kiko kwenye ardhi ya Mississauga. Kwa hiyo wapo watu wengi waliotua "Toronto" na wala hawajafika Toronto.

Wenyeji wenyewe hutambuana kwa tarakimu tatu za mwanzo za namba ya simu: 416 ni Toronto, 905 ni miji inayoizunguka, kama Mississauga, Brampton na Markham. Ila akikuambia amehamia Scarborough, hapo yuko Toronto kweli. Scarborough ilikuwa na utawala wake hadi 1998, ilipounganishwa na Toronto. Watu wake bado hujitaja kwa jina la zamani, tena kwa majivuno.

Nimepata nafasi ya chuo Sydney, Kanada. Rafiki zangu wanacheka, wanasema Sydney iko Australia na nimetapeliwa. (Kijana, Kisumu)

Sydney ziko mbili, na wacheke tu. Yako iko kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia, mji uliokuzwa na makaa ya mawe na chuma, na kweli una chuo kikuu. Kama ni utapeli, jina la mji halitakuambia. Tafuta chuo chako kwenye orodha ya serikali ya Kanada ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, kisha uwaandikie chuo wenyewe, si wakala.

Unaponunua tiketi, soma herufi tatu za kiwanja. Yako ni YQY. SYD itakupeleka Australia. Mwaka 2017 kijana mmoja wa Uholanzi aliyetaka Australia alijikuta Nova Scotia kwa sababu tiketi ilikuwa ya bei nafuu. Kanada ina mitego mingine ya aina hii. St. John's iko Newfoundland na Saint John iko New Brunswick, na bahari iko katikati. London ya Ontario nayo ina mto uitwao Thames, sijui walitaka kumdanganya nani.

Kaka yangu anasema anaishi Ottawa, lakini kila ofisi anayokwenda wanamsemesha Kifaransa. Anwani yake ni Gatineau. (Msomaji, Bukavu)

Ndugu, kaka yako yuko ng'ambo ya mto. Ottawa iko Ontario; Gatineau iko Quebec, na mto Ottawa umepita katikati. Kila asubuhi wafanyakazi wa serikali huvuka madaraja kwenda kazini, na kwa macho utadhani ni mji mmoja. Kwenye makaratasi ni vitu viwili kabisa. Kadi ya matibabu ni ya jimbo, leseni ya udereva ni ya jimbo. Anayeishi Quebec hujaza fomu mbili za kodi ya mapato, moja ya shirikisho na nyingine ya jimbo, wakati jirani yake wa Ottawa hujaza moja. Shuleni, sheria ya mwaka 1977 inawataka watoto wengi wa wahamiaji wasome kwa Kifaransa.

Kwa Mkongo sioni hasara hapo. Kifaransa alichonacho ni mtaji. Hatari iko kwenye ushauri. Jamaa zake wa Ottawa watamwelekeza kwa nia njema kabisa, na utaratibu wao haumhusu. Awaulize wanaokaa upande wake wa mto.

Majirani zetu Waismailia waliondoka miaka ya 70, wakasema wanakwenda Vancouver. Mjukuu wangu anakwenda kusoma huko. Aanzie wapi kuwatafuta? (Mzee, Upanga)

Shikamoo, mzee. Aanzie Burnaby, mji unaopakana na Vancouver upande wa mashariki. Huko ndiko kulikofunguliwa kituo kikubwa cha Waismailia, Waislamu wafuasi wa Aga Khan, mwaka 1985. Baada ya nyumba kutaifishwa kwetu Tanzania 1971, na Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka uliofuata, maelfu walipokelewa Kanada, na wengi walijenga maisha vitongojini ambako nyumba zilikuwa nafuu. Vancouver yenyewe ni ndogo kuliko jina lake. Surrey, ambayo huku haijulikani kabisa, ilikuwa na watu zaidi ya 568,000 mwaka 2021, dhidi ya 662,000 wa Vancouver.

Akiwakosa huko, asishangae wakiwa Calgary. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa mji huo tangu 2010 hadi 2021, ni Mwismailia ambaye wazazi wake walitoka Tanzania.

Mume wangu yuko Thunder Bay, dada yake yuko Toronto. Jimbo moja, na mwaka mzima hawajatembeleana! Wamegombana? (Msomaji, Mombasa)

Kwa barabara ni karibu kilomita 1,400, wakilizunguka Ziwa Superior. Ni mbali kuliko Dar es Salaam hadi Mwanza, tena kwenye theluji. Usimgombeze, dada. Msubiri hadi Juni, ndipo uanze kuuliza.