Dada yangu wa Nachingwea, lia tu

Juzi nimepata ujumbe kutoka Nachingwea. Dada mmoja kafiwa na mwanawe wa kwanza, na mzee wa kanisa kamwambia kwamba akilia sana anamkosea Mungu, maana Mungu mwenyewe hahuzuniki. Anauliza: ni kweli?

Siku mbili nimeshindwa kumjibu. Mzee wa namna hiyo nilikuwa mimi.

Hapa Masasi nilikuwa naitwa misibani kutoa nasaha, wakati mwingine mpaka Ndanda, na sioni haya kusema kazi hiyo nilikuwa naiweza. Nasimama mbele ya majamvi, Biblia mkononi, "kazi ya Mungu haina makosa", watu wanaitikia, wafiwa wananyamaza. Nikadhani wamefarijika.

Julai 2017 binti yetu akaondoka. Miaka mitatu, homa ya siku mbili. Hapo naomba nipite. Maneno yangu yote yakanirudia kwa vinywa vya wengine: Mungu kampenda zaidi, nyie bado vijana, mtapata mwingine. Aliyesema hilo la mwisho ni mtu niliyemsimamia ndoa yake. Nimemsamehe, ila sijasahau.

Aliyetufaa ni jirani yetu, bibi wa Kiislamu. Alizikuta kandambili za mtoto mlangoni, moja imepinduka. Akaigeuza, akaziacha palepale (wenzetu wa kanisani walishataka kuzificha). Akamwambia mke wangu, "Pole, mwanangu," akavuta ungo wa mbaazi, akaanza kupukuchua. Mpaka inaadhiniwa adhuhuri hajasema lingine. Machozi yanamdondoka kwenye ungo, anajifuta kwa pindo la kanga, anaendelea.

Nikarudi kwenye Biblia, safari hii nikiisoma kama mfiwa. Mwanzo 6:6, kabla ya gharika, Mungu anahuzunika moyoni. Yohana 11, Yesu anajua kabisa kwamba Lazaro atatoka kaburini, na bado analia. Walimu wengi wa kale wa kanisa walifundisha kwamba Mungu hapatwi na maumivu kama sisi, na hoja yao si ya kubezwa: Mungu anayeyumbishwa na huzuni atamshika nani? Lakini fungua 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli. Mstari wa 29 Samweli anasema Mungu si mwanadamu hata ajute. Sura hiyohiyo! Mwandishi kaviacha vyote viwili. Mimi nani nifute kimoja ili nasaha yangu inyooke?

Kwa hiyo ushauri wangu: ukienda msibani, kaa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno, na hapo hawakukosea. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu. Kule Gethsemane Yesu, huzuni imemjaa, hakuwaomba wanafunzi wamweleze mapenzi ya Baba. Aliwaomba wakeshe naye. Sisi watu wa kukaa matanga tunajua kukesha ni nini. Wao wakasinzia. Basi wewe kaa, kesha, funga mdomo.

Tena tusiishie makaburini. Kilichomhuzunisha Mungu katika Mwanzo 6 ni uovu wa watu. Nchi ilijaa dhuluma. Nimewahi kufunga kwa sala tanga ambalo wapwa wa marehemu walishahesabu mikorosho kabla hata ya arobaini, mjane anawatazama. Nikala ubwabwa wangu, nikapanda bodaboda, nikaenda zangu. Nawe ndugu uliyeokoka, unayelia kwenye mkesha wa maombi mpaka sauti inakauka, jirani yako anapofukuzwa shambani unakuwa wapi? Machozi yale ni ya nani? Tubu! Tutubu wote, nikianza na mimi.

Dada, jibu langu ni kwamba si kweli. Jumamosi tunapanda gari ya kwanza kuja huko. Mke wangu ameshaniambia Biblia nibebe, ila nisithubutu kusimama.