Sampo Ikipasuka Njia ya Kibosho: Nilivyoiziba Nyumbani

Kila Desemba, Wachagga tunaporudi nyumbani kwa Krismasi, gari ndogo zinapanda Kibosho, Uru, Machame na Rombo zimejaa watu, magunia na kreti za soda. Zikilemewa hivyo tumbo linakaribia ardhi, na mvua ya vuli inakuwa imeshaosha udongo ikaacha mawe yamechomoza. Jiwe la namna hiyo ndilo lililonipasulia sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, jioni ya tarehe 23, juu kidogo ya pale lami inapoishia.

Nilisikia kishindo chini ya miguu. Hatua chache mbele taa nyekundu yenye alama ya birika la oili ikawaka, nami nikazima injini papo hapo. Kijana aliyekuwa akishuka na mzigo wa majani ya ng'ombe akainama kuchungulia. "Mangi, usiiwashe tena," akaniambia. "Oili yote iko barabarani."

Hapo naomba tuelewane vizuri, maana ndipo injini nyingi zinapofia. Taa ile haisemi "utafute fundi ukifika". Inasema presha ya oili imeshuka, na beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zinakaribia kusagana chuma kwa chuma. Sampo ni kipande kimoja tu, kinazibika au kinanunulika. Injini iliyonoki, yaani iliyosagika ndani, ni habari nyingine kabisa. Mtu anasema "nifike tu hapo juu kwa mama", na safari hiyo fupi ndiyo inayommalizia injini. Mimi vijana wanne walinisaidia kusukuma, gia ikiwa nyutro, hadi uani kwa mama.

Asubuhi ushauri ulikuwa mwingi. Mmoja alileta kipande cha sabuni ya kufulia, kwa kuwa kilishamsaidia tangi la petroli lilipotoboka. Kwenye tangi inashika kwa muda, kwa sababu tangi halichemki. Sampo inabeba oili ya nyuzi joto 90 na zaidi, na sabuni italainika na kuondoka. Mwingine alitaka tupake gundi ya chuma kwa nje bila kufungua. Hilo nalo nililikataa: oili inaendelea kuchuruzika kutoka juu kwa saa nyingi, na gundi haishiki penye mafuta. Halafu kuna jambo ambalo kwa nje hulioni. Mdomo wa chujio linalonyonya oili kwenda kwenye pampu umekaa karibu sana na kitako cha sampo. Sampo ikibonyea ndani, inaweza kuuziba. Utaziba ufa, utajaza oili, na injini bado itakosa oili.

Kwa hiyo ifungue. Gari iwe sehemu tambarare, magurudumu yawekewe vigingi, na usilale kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, au magogo mapana yasiyoyumba. Bolti zikishatoka, silikoni ya zamani, ile gundi laini inayoziba kati ya sampo na injini, bado inang'ang'ania. Gongea taratibu kisu chembamba cha kukwangulia rangi, usibandue kwa bisibisi, kwani mkwaruzo kwenye uso wa aluminiamu utavujisha oili kila siku.

Chukua sumaku ujue sampo yako ni ya nini. Toyota nyingi ndogo zina mbili: ya juu aluminiamu, ya chini bati la chuma. Yangu ilipasuka ile ya bati, ufa wa urefu wa kidole katikati ya sehemu iliyobonyea. Bati unaweza kulinyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya gogo. Aluminiamu usiigonge, itazidi kupasuka. Hiyo mpelekee fundi mwenye mashine ya kuichomelea.

Usafi ndio kazi yenyewe, na mimi ulinichukua nusu siku. Osha kwa petroli, nje, mbali na jiko na sigara. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili, halafu uanike juani. Piga msasa mpaka chuma king'ae, sentimita 3 kuzunguka ufa. Toboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Changanya gundi ya chuma ya mirija miwili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, paka kwa nje, lazia kipande chembamba cha bati, kisha paka tena juu yake. Ndani usirundike gundi, isije ikabanduka ikaenda kwenye chujio. Kibosho kuna baridi kuliko Moshi mjini na gundi inachelewa kukauka, hivyo niliiacha siku nzima na usiku wake. Kama ufa unapita kwenye tundu la nati ya kumwagia oili, gundi haifai. Hapo ni kuchomelea au kununua nyingine.

Wakati wa kurudisha, futa nyuso zote mbili ziwe kavu kabisa. Silikoni iwe mstari wa milimita 3 hivi, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, na sampo ipachikwe ndani ya dakika 3 kabla haijaanza kushika. Kaza bolti kwa kupishana na kwa mkono mwepesi, maana ndogo zile hukatika. Mimi nilisubiri mpaka asubuhi ndipo nikajaza oili. Injini yangu ya cc 1,500 inachukua lita 3.7 pamoja na filta mpya.

Oili chafu niliikinga kwenye dumu. Tafadhali usiimwage kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya kumwagilia. Watu wa chini wanamwagilia migomba na kunywesha ng'ombe maji hayo hayo.

Nilipowasha, taa ilizimika ndani ya sekunde chache. Nikaacha injini ichemke, nikazima, nikatandika boksi jeupe chini yake usiku kucha. Asubuhi lilikuwa kavu. Tuliteremka mjini taratibu, na Januari nikampelekea fundi wa gesi aizibe upya kwa shaba. Siku hizi nikipanda na mzigo, pale lami inapoishia abiria wote wanashuka kwanza.