Mwizi Akishakupa Mgongo: Bunduki Yako na Sheria

Mpunga wa Ubaruku ukishavunwa, parachichi za Njombe zikikomaa na viazi vya Uporoto vikijaa stoo, wezi nao wanaanza msimu wao. Ndio wakati ambao mwenye bunduki ya leseni huanza kulala nayo karibu. Na vijiweni, kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako, utasikia kauli ileile: "Sheria inakuruhusu kulinda mali yako." Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya sheria. Nusu iliyobaki ndiyo inayowaweka watu mahabusu.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina vifungu vinne vya kusoma kwa pamoja: 18, 18A, 18B na 18C (namba ni za toleo la 2022). Kifungu cha 18A kinakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako, na kulinda mali yako au iliyo chini ya uangalizi wako. Kifungu cha 18B kinaweka kipimo: nguvu utakayotumia iwe ile tu inayohitajika kwa ulinzi huo. Ukizidisha, kosa ni lako, na ukizidisha mtu akafa, umeua bila kukusudia. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C kinataja mazingira ambayo hata kusababisha kifo kunaweza kusiwe kosa: unapohofia kwa msingi wa maana kifo au jeraha kubwa, au mtu amekuja kubaka, kuteka, kuvunja nyumba usiku, kunyang'anya au kuchoma moto. Lakini hata hapo lazima uwe umeamini kwa dhati, na kwa sababu zinazoeleweka, kwamba usingefanya vile maisha au mali isingeokoka.

Wengi wakifika kwenye maneno "kuvunja nyumba usiku" hufunga kitabu. Wasikifunge. Kwa sheria yetu usiku ni kati ya saa 1 jioni na saa 12 asubuhi, na nyumba inayozungumziwa ni ile watu wanamolala. Stoo ya mahindi iliyo mita mia kutoka nyumbani, banda la mbolea shambani, au rundo la mbao pembeni ya barabara kule Mufindi havimo. Anayeiba humo ni mwizi kweli, na atashtakiwa, lakini huwezi kumhesabu sawa na aliyesukuma mlango wa chumba wanacholala watoto wako.

Sasa tufike kwenye mgongo. Haki ya kujilinda hupimwa kwa sekunde ile unayovuta kifyatulio. Haipimwi kwa hasira ya dakika tano zilizopita, wala kwa mara tatu ulizoibiwa mwaka huu. Mtu akiwa mlangoni na panga, swali la mahakama ni moja: je, ulikuwa hatarini, na ulichofanya kilihitajika? Mtu huyohuyo akishageuka na kukimbia kuelekea migombani, hatari imeondoka naye. Hapo hujilindi tena. Unachofanya sasa ni kujaribu kumkamata, na ukamataji una kanuni zake.

Raia anaruhusiwa kukamata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu kumkamata mtu anayetenda kosa la aina hii mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Lakini sheria hiyohiyo inakataza kutumia nguvu kuliko inayohitajika kumkamata. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 19, inaitaka mahakama iangalie uzito wa kosa alilofanya yule aliyekuwa anakimbia, na mazingira yake. Weka mizani mwenyewe: gunia moja la viazi upande huu, uhai wa mtu upande ule. Kwa maoni yetu hakuna gunia, jozi ya betri za sola wala pikipiki itakayoufikisha mzani huo pale unapotaka, kama anayekimbia hana silaha na hajamdhuru mtu.

Kuna tofauti ambayo hata baadhi ya wenye leseni wa siku nyingi huikosa. Kuzidisha nguvu ukiwa unajilinda kunakupeleka kwenye kuua bila kukusudia. Lakini kama mahakama itaona kwamba ulipopiga hukuwa unajilinda kabisa, kwa kuwa mtu alishafika mbali na anaendelea kukimbia, hakuna ulinzi uliozidishwa wa kuzungumzia. Shtaka laweza kubaki la mauaji, ambayo hukumu yake ni kunyongwa. Na shtaka la mauaji halina dhamana tangu siku ya kwanza. Utasubiri mahabusu mpaka upelelezi ukamilike na Mahakama Kuu ikupangie kikao, na hapo bado hujajua kama utashinda.

"Mimi nitamlenga mguu tu." Hii tunaisikia sana, na ni mbaya mara mbili. Kwanza, nia ovu kwenye kosa la mauaji haihitaji uwe ulitaka afe. Kukusudia kumjeruhi vibaya kunatosha. Pili, kwenye paja upo mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu hufa kwa dakika chache, kabla bodaboda haijafika lami. Akipona pia hujanusurika, maana kujeruhi vibaya kwa makusudi kuna adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, na hata kumjeruhi vibaya mtu bila kuthibitishwa kusudi hilo ni hadi miaka 7.

Halafu kuna bunduki yenyewe. Shotigani ya kawaida hutawanya golori zake kadiri zinavyokwenda mbali. Kwa mtutu usiobanwa mbele, zikifika mita 30 hivi zimeshafunika eneo linalokaribia upana wa mita 1. Kwa umbali huo, usiku, kwenye ukungu wa Juni pale Mufindi au Njombe ambapo tochi hurudisha mwanga usoni mwako, hujui nani mwingine yuko kwenye mita hiyo. Anaweza kuwa jirani aliyeitikia yowe, na jirani huyo hukimbia kuelekea kulekule anakokimbilia mwizi. Risasi ya bastola nayo hupita ukuta wa mabanzi bila shida, na kwenye mawe ya vilima vya Iringa huruka upande usioutegemea. Ndiyo maana hata risasi ya onyo tunaipa heshima ndogo. Hakuna kifungu kinachosema kwamba ukishapiga ya juu, ya pili ni halali. Filimbi na yowe vinafanya kazi ileile na havirudi chini na kumwangukia mtu.

Mambo hubadilika mwizi anapogeuka tena. Kwa sheria, mtu aliyekuwa anaiba kimyakimya, ukamshika shati naye akachomoa panga ili abaki na gunia, si mwizi wa kawaida tena; ni mnyang'anyi, na kwa kuwa ana silaha, kosa lake lina kifungo kisichopungua miaka 30. Wewe nawe umerudi kwenye hatari ya kweli. Hapo haki ya kujilinda imefufuka, hata kama sekunde kumi zilizopita alikuwa anakimbia. Akiitupa panga na kutimua mbio, imelala tena. Kwa wezi wanaoswaga ng'ombe za watu kule Mbarali na Usangu ni vivyo hivyo: kuwafuata kwa miguu na kuwazunguka pamoja na wenzako ni halali, kurudisha risasi unapopigwa risasi inatetewa, kumpiga anayetoroka mikono mitupu baada ya kuacha mifugo ni kesi. Na mkiwa kundi, jihadharini: mkishakubaliana "leo hatoki mtu", kosa la mmoja ni la wote walioshiriki.

Ikitokea umepiga, yanayofuata yana uzito kama risasi yenyewe. Toa risasi zilizobaki, weka bunduki mahali ambapo hakuna atakayeishika, na usiisafishe. Kama mtu yu hai, kandamiza jeraha kwa kitambaa kwa nguvu zote na usiachie. Kumsaidia ni wajibu wa utu, na pia kunaonyesha hukuwa na nia ya kuua. Piga 112, kisha mjulishe mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji. Majeruhi atahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kutoka kituoni, lakini asicheleweshwe eti inasubiriwa fomu.

Usisogeze mwili. Usiokote maganda. Usimwekee marehemu panga mkononi, hata kama shemeji zako wanakushauri. Polisi watachora ramani ya tukio na kupima kwa futi kamba kutoka mlangoni hadi lilipo ganda, na kutoka ganda hadi ulipo mwili. Daktari ataandika risasi iliingilia wapi. Tundu la kuingilia likiwa kati ya mabega na mwili uko mita 40 kutoka kizingitini, hadithi ya "alikuwa ananijia" imeishia kwenye karatasi mbili, na umejiongezea kosa la kutengeneza ushahidi.

Kituoni una haki ya kumtafuta wakili na kumjulisha ndugu. Muda wa kawaida wa kuhojiwa ni saa 4 tangu ukamatwe, na ukiongezwa uongezwe kwa utaratibu. Sema kweli, lakini usisaini maelezo usiyoyasoma au usiyosomewa. Sentensi kama "nilimpiga ili asiende na gunia" ikishakuwa na sahihi yako, hata wakili hodari kuliko wote Mbeya nzima atahangaika nayo.

Neno kwa wenye mashamba na viwanda vya mbao: leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ni ya mtu aliyetajwa humo. Kumwachia mlinzi wa usiku bunduki yako kwa sababu umesafiri kwenda Dar ni kosa lako na lake, hata asipofyatua. Gobore la urithi lisilo na leseni ni baya zaidi, kwa kuwa kumiliki silaha bila kibali hushtakiwa kama uhujumu uchumi. Utetezi wa kujilinda unaweza ukakubalika kwenye kifo, halafu ukafungwa kwa gobore. Kama unataka mlinzi mwenye silaha, chukua wa kampuni iliyosajiliwa, na mkataba uandike wazi ni lini anaruhusiwa kufyatua. Asiye na silaha mpe tochi yenye mwanga mkali, filimbi, mbwa wawili na namba za simu za vijana wa ulinzi shirikishi.