Usiniambie ni kali, niambie umeona nini

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, Jumapili usiku hakosekani mtu wa kuandika: "Jamani, nimeangalia muvi moja kali balaa, itafuteni." Watatu wanne wanaweka alama ya dole, mmoja anauliza jina, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mchango wa harusi. Haitafutwi. Baadaye mwingine anakutana nayo kwa bahati, anaisifu kwa maneno yaleyale, nayo inapita vilevile.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu filamu nyingi nilizozipenda zilinifikia kwa mdomo wa mtu, si kwa tangazo. Mtu aliyekaa sebuleni kwake saa nzima au mbili, akacheka, akalia, akakosa usingizi, ana kitu cha kutugawia. Lakini akisema "kali" au "mbovu" anatupa sahani tupu. Ndiyo maana nashauri hivi: unapotoa maoni kuhusu filamu uliyoangalia nyumbani, njoo na ulichokiona na ulichokisikia, mwenzako akipime mwenyewe.

Fundi wa kazi hii yumo ndani ya filamu moja ya Kenya. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, inaanza na kijana wa kijijini aitwaye Mwas, anayejitafutia riziki kwa kuuza DVD za muvi za mapigano. Hasimami akasema mzigo wake ni mkali. Anaigiza. Anakuwa steringi, anageuka adui, silaha zinalia kinywani mwake, na watu wanamzunguka. Mteja anatoa hela kwa sababu ameshaonjeshwa.

Si lazima uigize. Chagua kipande kimoja tu kilichokushika na ukisimulie kwa sentensi tatu au nne: nani yupo, anafanya nini, wewe uliona au ulisikia nini pale. Chukua filamu hiyohiyo. Nikikwambia inahusu kijana anayekwenda mjini kutafuta maisha, utadhani umeshaiona, maana kijana huyo tumekutana naye mara nyingi mno. Lakini nikikwambia kwamba Mwas anakwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, kwamba siku anayofika tu anaporwa pamoja na mzigo aliokabidhiwa aufikishe, kisha polisi wanamzoa na anajikuta mahabusu akiamriwa kusafisha choo ambacho hakuna anayetaka hata kukisogelea, hapo umeshaanza kuwa na maswali. Na nikiongeza kwamba jiji hilohilo linampa vitu viwili, genge la wezi na nafasi jukwaani, na kwamba lazima avibebe vyote bila upande mmoja kuujua mwingine, umeshajua kama ni hadithi yako au siyo. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo. Itaje tuzo ukipenda. Ila tuzo ni maoni ya majaji, nami nasubiri yako.

Kabla ya kuchagua kipande, mfikirie anayekusikiliza. Shangazi yangu wa Tanga ana swali moja ambalo halikosi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo picha yenu, naweza kuiangalia mkwe wangu akiwa amekaa hapa?"

Swali hilo lina uzito. Nyumba zetu nyingi zina televisheni moja, sebuleni, na mbele yake wamekaa baba mkwe, watoto, na mgeni aliyekuja kutibiwa mjini. Nani asiyejua vile rimoti inavyotafutwa kwa pupa pale mambo ya chumbani yanapoanza kwenye kioo, na babu ghafla anakumbuka kwenda kutazama mbuzi? Kwa hiyo sisubiri niulizwe. Nasema mapema: kuna matusi, kuna kipande cha mapenzi karibu na katikati, kuna damu nyingi, au hakuna lolote la kuwatoa wazee sebuleni. Kusema hivyo si kuihukumu filamu. Nairobi Half Life ina lugha ya mtaani na ukatili wa kweli, na ni filamu nzuri, lakini si ya kuangalia na mkwe.

Tahadhari nyingine ni za moyoni, na hizo tunazisahau kabisa. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, haifiki dakika 80, na ukiona bango lake, mtoto wa kike amevaa kama shujaa, utawaita watoto wote waje. Jo ana miaka tisa na anawapenda sana mashujaa wa kwenye filamu. Pia anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake ameamua kumtoa hospitali amrudishe nyumbani kijijini. Dada yake, Mwix, hataki mtoto akae kitandani akisubiri. Anaanza kumwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na pole pole kijiji kizima kinaingia kwenye mpango huo. Kuna vipande utacheka hadi machozi, wakati moyoni unajua kila mtu mzima pale anafanya vile kwa sababu gani. Hicho ndicho kilichonikaa: watu wazima wenye shughuli zao wanaacha kila kitu ili mtoto mmoja aamini.

Nina rafiki aliyemzika mtoto wake. Nilipompa filamu hii nilimwambia wazi kwamba mtoto ni mgonjwa na ugonjwa hauponi. Alikaa nayo kwenye flashi muda mrefu, kisha akaiangalia siku aliyokuwa na dada yake. Angeikuta bila kujua, peke yake usiku, ingekuwa habari nyingine.

Wapo watakaosema hapo nimemmalizia muvi. Hapana. Ugonjwa wa Jo unajulikana tangu mwanzo. Mpaka wangu ni huu: yaliyofunuliwa katika robo ya kwanza ni ya wote, yasimulie. Kuanzia hapo gusia tu mwelekeo. Mwisho usiuguse, hata ukiombwa, mpaka uhakikishe anayeuliza hana mpango wa kuangalia. Na usiseme "subiri mwisho, utashangaa". Ukishasema hivyo, mwenzako anaangalia filamu nzima akiwinda hicho cha kushangaza, hasikii tena watu wanazungumza nini.

Halafu sema uliangaliaje. Hili watu hulipuuza, na mabishano mengi ya muvi yanatoka hapa. Mmoja ameangalia kwenye simu ndani ya daladala, spika ikikwaruza, bando likikatika. Mwingine ameangalia kwenye televisheni kubwa, taa zimezimwa. Mmoja anasema filamu ina giza, haieleweki, mwenzake anaapa picha zake ni safi, na wote wanasema kweli. Ukitaka kutoa hukumu juu ya picha na sauti, vaa angalau visikilizio na uongeze mwanga wa kioo. Ukishindwa, zungumzia hadithi na uigizaji, mambo ya picha waachie walioiona vizuri.

Na kama uliangalia iliyotafsiriwa, useme. Kwetu Tanzania wengi tulikulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuoneshea video, na sauti ya mtafsiri Lufufu ikitembea juu ya muvi, jirani zetu wa Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana watafsiri wao wanaojazia watu ukumbini. Watu hawa hawatafsiri tu. Wanaweka utani, wanampa adui jina la mtaani, wanamsema steringi anapozubaa. Ni sanaa kamili, na ninaiheshimu. Lakini ukicheka sana, jiulize umechekeshwa na nani, mwandishi wa filamu au mtafsiri, kisha mpe kila mmoja haki yake. Nimeona mtu akiisifu muvi ya kivita kwa ucheshi wake, wenzake wakaitafuta ya lugha yake ya asili, wakakaa saa mbili hawajatabasamu.

Filamu inayotokana na kitabu ina ugomvi wake. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Kwa hiyo ukiitaja tu, anajitokeza mtu: "Kitabuni haiko hivyo!" Ni kweli haiko hivyo. Riwaya inamtembeza Yasmin mbali, inavuka bahari, ina watu wengi, na filamu ya dakika tisini na kitu haiwezi kuwabeba wote. Mimi huuliza swali jingine: kilichobaki kinasimama chenyewe? Kwa maoni yangu kinasimama. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950, ameozwa kwa mzee asiyemtaka, anatoroka. Anamkuta Denge, kijana anayepambana na serikali ya Mwingereza. Kitabuni tunaambiwa mengi kuhusu siasa za Denge. Kwenye filamu unauona mji wenyewe, vichochoro na kuta zake, unasikia muziki, na Siti Amina akiwa Mwajuma, rafiki wa Yasmin, anakupa ule urafiki wa wanawake ambao kwangu ndio moyo wa hadithi hii. Aliyesoma kitabu atakosa kitu, na ana haki ya kusema amekosa nini. Ila aseme ni nini hasa: mtu gani, tukio gani. "Wameharibu kitabu" haitusaidii.

Kuna tofauti pia kati ya "sikuipenda" na "ni mbovu", na ningeomba tuishike. Mimi siwezi filamu za kutisha. Siku nikikwambia filamu fulani ya majini sikuipenda, hujajua lolote kuhusu filamu, umejua kuhusu mimi. Nikisema ni mbovu, nidai ushahidi.

Kupingana na wakubwa kuna adabu yake, lakini hakukatazwi. Baba mdogo wangu ni mtu wa filamu za Kihindi za saa tatu, na aliwahi kutetea moja ambayo mimi niliona mama mzazi anamsamehe mwanawe haraka mno. Nilimuuliza, "Baba mdogo, wewe ulimwelewaje yule mama pale mlangoni?" Akaniambia nimtazame mikono, si uso. Niliporudia kile kipande nikaona: mama amekwisha shika kitasa kabla mwana hajaomba radhi. Bado naona amesamehe haraka, ila sasa najua aliyeongoza filamu alitaka nione nini. Swali lilizaa mazungumzo ambayo ubishi usingezaa.

Sasa filamu za nyumbani, za Bongo. Hapa ndipo ninapotaka tuwe makini kuliko kote, kwa sababu tuna tabia mbili zinazofanana kwa madhara. Kuna wanaosema zote ni takataka bila kuangalia hata moja hadi mwisho. Na kuna wanaosifu kila kitu eti tuunge mkono vya kwetu. Msanii hapati kitu kwa yeyote kati ya hao. Mwambie mahali. Sauti inapotea wanapozungumza nje, na huo ni udhaifu unaorekebishika. Kipande cha gari kuondoka, geti kufunguliwa, gari kuingia barabarani, kinachukua muda mrefu na hakuna kilichosemwa. Hadithi ilitosha filamu moja lakini imekatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Vilevile sema kilichofanya kazi: yule mama wa kando anayekunja kanga huku akimsikiliza mume anadanganya, ameigiza kuliko wote na hajasema neno. Ukitaja vitu kama hivyo, hata anayeipinga hukumu yako anajua mnabishania nini.

Majina yanapopita mwishoni usizime televisheni. Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, kuhusu binti wa Kampala anayecheza chesi, inawaleta pale waigizaji wake wakuu, kila mmoja akiwa amesimama na mtu halisi aliyemwigiza, na wanaowahi kuzima wanalikosa hilo. Kwa filamu zetu kuna sababu ya ziada: waliorekodi sauti, walioshika kamera, walioshona mavazi wamo humo, na wengi wanapatikana mtandaoni. Mtaje hata mmoja unapoandika maoni yako, na sema alifanya nini ulichokipenda. Niliwahi kumwandikia mrekodi sauti wa filamu fupi moja kuhusu mazungumzo ya barazani ambayo kila neno lilisikika. Akanijibu kwamba walirekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kupita, kipaza sauti kikiwa kimefichwa ndani ya kapu la mboga lililokuwa katikati ya wale wanawake wawili.