Kaka zangu wanataka niache kazi nimuuguze mama

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mama ana miaka 74, kapata kiharusi, kalazwa wiki tatu, karuhusiwa ila upande wa kushoto umelegea kabisa, na kwa vile we ndo kitinda mimba na hujaolewa kaka zako wamekaa wakaamua uache kazi ya dukani Kariakoo umuuguze, wao watatuma hela. Unaniuliza ukikataa utapata laana?

Laana gani tena jamani! Hebu kumbuka kule wodini, nesi wa asubuhi akitoka anaingia wa mchana, kisha wa usiku, sasa hao kaka zako wanataka uwe zamu zote tatu peke yako tena bila off. Na ukiacha kazi nakwambia mwezi wa tatu hela inapungua, wa sita unaulizwa ile ya pampasi umefanyia nini, nimeyaona hayo kwa watu wangu wa karibu.

Mama anatakiwa kugeuzwa kila baada ya masaa mawili, usiku pia, maana nyama ya makalioni na visigino ikigandamizwa muda mrefu inakufa na kile kidonda kukiponya ni miezi. Kula, ale amekaa, akimaliza usimlaze hapo hapo, subiri kama nusu saa, la sivyo chakula kinampalia kinaenda mapafuni. Siku ya kliniki mng'ang'anie nesi akuonyeshe kumgeuza bila kumvuta ule mkono uliolegea, bega linachomoka hivi hivi. Na kaka yako mmoja aende naye aone.

Mkitafuta dada wa kumsaidia mlipeni zaidi ya dada wa kupika, kumsafisha mtu mzima sio sawa na kuosha vyombo.

Kama mama hana bima wala uwezo, mzee wa miaka 60 na kuendelea anaweza kupata msamaha wa matibabu, inaanzia serikali ya mtaa halafu ustawi wa jamii hospitalini. Hiyo foleni wapange wao.

Halafu mama mwenyewe umemuuliza? Umesema anaongea vizuri tu, kilicholegea ni mkono sio akili.

Jumamosi hii muite kaka mkubwa alale na mama usiku mmoja, peke yake, mkewe asije. We nenda kwa shoga ako, zima simu. Kikao mfanye Jumapili asubuhi akiwa hajalala.