Maswali yenu: chura wa majini mwenye kucha

Tangu mvua zianze, wengi mmeniuliza kuhusu chura bapa na mtelezi sana anayeonekana kwenye mabwawa ya samaki. Ni wa jenasi ya Xenopus, na karibu maisha yake yote yako majini.

Mwanangu amenasa chura asiye na ulimi. Anaumwa? (Mama, Bagira)

Hapana, mama, ndivyo alivyoumbwa. Chakula hukisukumia kinywani kwa mikono ya mbele. Kikiwa kikubwa, hukichana kwa kucha nyeusi za miguu ya nyuma. Mtoto amrudishe majini, kisha anawe mikono.

Bwawa langu liko mbali na mto. Wameingiaje? Nitie sumu? (Mfugaji wa samaki, Kabare)

Wametembea, ndugu yangu. Usiku wa mvua hutoka bwawa moja kwenda jingine, wakijikokota kwenye majani mabichi. Maji yakikauka, hujizika kwenye tope na kungoja. Hata kwenye maji machafu hawapotei: mbavuni wana vidoa kama mishono ya uzi, na kwa hivyo huhisi maji yakitikiswa na windo.

Ni kweli wanakula vifaranga vya samaki. Lakini wanakula viluwiluwi vya mbu pia, na hata watoto wao wenyewe. Sumu usitie, nakusihi! Itaua samaki wako na kumfikia jirani anayechota maji hapo chini. Weka vifaranga ndani ya wavu wa matundu madogo hadi wakue, na bwawa ulizungushie uzio mfupi.

Mbona hatumsikii akilia? (Mwanafunzi, Kadutu)

Analia chini ya maji. Hana mfuko wa sauti. Mlio wa tiki-tiki hutoka kooni. Kwa aina moja ya vyura hawa, Xenopus laevis, jike naye hujibu: haraka haraka akiwa tayari kutaga, polepole akiwa hataki dume.

Ni kweli chura alipima mimba? (Baba, Panzi)

Kweli, baba, kuanzia miaka ya 1930. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke. Kama mimba ipo, homoni yake ilimfanya atage mayai ndani ya saa chache. Kwa kazi hiyo na nyingine za maabara, vyura wengi walisafirishwa kutoka Afrika Kusini. Leo uzao wa waliotoroka au kuachiliwa uko Chile, Ufaransa na California.

Kivu Kusini tuna wa kwetu? (Dada, Ibanda)

Tunaye, dada. Xenopus itombwensis alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2008, na anajulikana kutoka milima ya Itombwe tu.