Kabla Hujatia Sahihi: Majibu kwa Wanaotangaza Mitandaoni

SWALI: Natengeneza video fupi hapa Kisumu. Duka la vipodozi limenipa mkataba wa kurasa mbili: video nne, shilingi 40,000 "baada ya kazi". Kifungu cha tano kinasema kazi zote ni mali ya mteja. Nitie sahihi?
Msomaji, Kondele

JIBU: Bado, dada. Kifungu hicho kitakugharimu zaidi ya udogo wa bei. Na ukikifuta tu, hujapona: Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inahesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukimya wa mkataba unamfaa mteja. Kwa hiyo badala yake andikeni hivi: "Hakimiliki inabaki kwa mtengenezaji. Mteja ataweka video kwenye kurasa zake za TikTok na Facebook kwa siku 90. Akitaka kuzilipia zisambae kama tangazo, au kuweka sura ya mtengenezaji kwenye bango au matatu, watapatana bei upya." Bila sentensi hiyo ya mwisho, unaweza kukutana na uso wako stendi ya mabasi mwaka kesho, umelipwa mara moja.

"Baada ya kazi" si tarehe. Dai nusu kabla ya kurekodi, nusu ndani ya siku 7 baada ya video ya mwisho kuwekwa mtandaoni. Marekebisho yawe mawili kwa kila video, na mteja akikaa siku 3 bila kujibu ihesabiwe ameikubali. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama: mteja anaomba muziki ubadilishwe, kisha nguo, kisha maneno, na malipo yanazidi kusogea. Ukiwa mkazi wa Kenya, anayekulipa hukata kodi ya asilimia 5, kwa hiyo 40,000 inakufikia 38,000. Angalia kama zile 2,000 zimeonekana kwenye iTax yako (akaunti yako ya kodi mtandaoni), maana ukifanya hesabu ya mwaka zinapunguza kodi unayodaiwa.

Kisha maneno unayotakiwa kusema. "Inaondoa madoa kwa wiki moja" ikiwa uongo, ni maelezo ya kupotosha chini ya Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, na sauti iliyosikika ni yako. Dai uthibitisho wa maandishi, na kifungu kwamba mteja atabeba gharama za madai yaliyotokana na maneno aliyokupa. Kifungu hicho kitakurudishia pesa, hakitakurudishia jina. Soma pia kopo lenyewe: krimu zenye zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) zimepigwa marufuku Kenya. Nambari iliyo chini ya alama ya KEBS, shirika la viwango, unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Na "tangazo la kulipwa" liseme mwanzoni mwa video, usilizike chini ya alama za reli (hashtag) ishirini.

SWALI: Nina saluni Nakuru. Nilimlipa kijana atutangaze. Video aliiondoa baada ya wiki mbili, na mteja mmoja analalamika uso wake ulionekana. Nifanyeje?

JIBU: Kama hamkuandika video ikae muda gani, kwa hilo la kwanza una kesi dhaifu. Safari ijayo andika miezi 6, na uzuie sehemu ya malipo, tuseme asilimia 20, hadi video itimize miezi miwili. Kama mliandika, dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapo Nakuru ipo. Huhitaji wakili, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60. Beba mkataba, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote ya WhatsApp, usifute hata mstari.

La mteja ni lako pia, si la kijana peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa kabla ya kutumia data ya mtu kibiashara, na uso ni data. Mwambie kijana aiondoe video popote ilipobaki, leo. Kisha weka karatasi ya ridhaa pale mapokezi: jina, sahihi, tarehe, na mtandao utakaotumika. Mtoto asainiwe na mzazi.